Bei ya Kerezo

Waliniita kwa sababu nina kalamu na sina undugu nao.
Isevya, nyuma ya reli, banda la mabati lenye kufuli mbili.
Bi Kalunde alitangulia na funguo, hakusema kitu.
Ndani, harufu ya oili iliyozeeka,
na popo kidogo.

Nikaandika.
Jiliwa, moja, taya limepasuka.
Fuawe, moja. Haina kasoro. Fuawe huwa haina kasoro.
Tupa kumi na nne, butu.
Mashine ya kutobolea, mota imeungua,
mkanda wake umeungwa kwa kipande cha mkanda wa suruali.
Na kerezo,
katikati, limefunikwa shuka la kijani
kama mgonjwa anayemngoja daktari wa zamu.

Wa chuma chakavu alikuwa ameshapita juzi.
Mia tisa kwa kilo, alisema, na gari lake mwenyewe.
Kilo elfu moja na mia moja:
laki tisa na tisini elfu, taslimu, hana maneno mengi.
Alilipiga teke mguuni
asivyojua kuwa ng'ombe hapimwi hivyo.
Wa Urambo alitaka mota tu.
Wa tatu alitaka banda.

Mimi nilifanya nilivyofundishwa.
Nikapitisha kidole juu ya kitanda chake cha chuma
kutoka mkiani nikija kichwani,
na shubiri moja kabla ya kichwa
kidole kikazama. Unene wa karatasi mbili, basi.
Hapa limelika, mama, nikasema. Lazima tupunguze.
— Tupunguze nini?
— Bei.
Akaja, akaweka kidole chake palepale.
— Hapa ni Shija na Nyamizi mpaka kidato cha nne.
Hapa ni haya mabati. Hapa ni mimi kitandani Kitete,
mwaka ule wa mvua kubwa.
Miaka thelathini na mmoja Mihayo kasimama mahali pamoja,
wewe ulitaka chuma kisilike?

Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta tena.
Kanuni inasema: chukua bei ya jipya, toa uchakavu,
toa usafiri, toa vipuri visivyopatikana.
Nilitoa mpaka nikavuka sifuri;
kwa hesabu yangu, mjane
angemlipa mtu ili alichukue.

Jumamosi akaja Milembe wa Sikonge,
fundi wa mashine za kusaga, kucha nyeusi,
mtoto mgongoni amelala.
Hakuuliza bei. Aliomba mafuta ya taa na kitambaa.
Akafuta, akalizungusha kwa mkono, polepole,
macho amefumba.
Tuk, ikasema gia. Mzunguko mzima, kimya. Tuk.
— Jino moja limekatika. Nitaliziba kwa shaba, nilichonge na tupa.
Kidole chake kikafika pale, kikazama.
— Alikuwa anakereza bushi huyu. Fupifupi, kila siku.
Na mimi kazi yangu ndiyo hiyo.
Bi Kalunde akatafuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

Alikuwa na laki sita. Nne nyingine baada ya tumbaku.
Anamzidi wa chakavu kwa elfu kumi, nikanong'ona,
na tena kwa mkopo.
— Hiyo elfu kumi, akasema mjane, anunulie grisi.

Vijana sita, mabomba matatu chini yake,
nusu siku kufika mlangoni,
na mlango wenyewe ikabidi ung'olewe.
Fuso liliinama nyuma likielekea kusini.
Sakafuni kilibaki kipande cha saruji nyeupe, safi,
ambacho hakuna aliyewahi kukikanyaga.

Kwenye fomu kuna kisanduku: Sababu ya bei.
Niliandika: Linakwenda kazini.

Jiliwa hakuliuza.
Taya limepasuka, lakini linabana.
Nimemkuta nalo juzi, analitumia
kushikia makopo ya asali
yaliyogoma kufunguka.